Nani Anajibu Satelaiti Inapochelewa?

Tarehe 30 Julai 2025 roketi ya India iliruka kutoka Sriharikota ikiwa imebeba NISAR, satelaiti ya rada iliyojengwa kwa ubia kati ya NASA ya Marekani na ISRO ya India. Mashirika hayo mawili yalitia sahihi makubaliano Septemba 2014. Mradi ulipothibitishwa rasmi mwaka 2016, NASA iliahidi kwa maandishi kwamba satelaiti ingekuwa tayari kurushwa Septemba 2022. Ikachelewa karibu miaka mitatu.

Sisi wa Goma tuna sababu ya kuihesabu miaka hiyo. NISAR imetengenezwa kupima jinsi ardhi inavyovimba, inavyozama na inavyosogea, mchana na usiku, mawingu yawepo yasiwepo. Juu yetu uko Nyiragongo, mlima ulioteremsha lava kuelekea mji mwaka 1977, ukapita katikati ya mji mwaka 2002, na usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ukaimwaga tena hadi Buhene, pembezoni mwa mji. Kila mtu hapa amezoea kuinua macho usiku kutazama wekundu juu ya kilele. Lakini magma, mwamba ulioyeyuka unaotembea chini ya nyumba zetu, haina wekundu wa kuonekana. Inajulikana kwa matetemeko, na kwa ardhi kupanda kidogo mno, kiasi ambacho hakuna jicho litakalokiona.

Namna rada inavyoiona si fumbo. Satelaiti hutuma mawimbi chini, huyapokea yakirudi, na kutengeneza picha. Siku 12 baadaye inapita mahali pale pale na kufanya vivyo hivyo. Wataalamu wakizilinganisha picha mbili wanaona ni wapi ardhi imeinuka na ni wapi imeshuka. Satelaiti za Ulaya za Sentinel-1 zimefanya kazi hiyo tangu 2014, na watu wa OVG, kituo chetu cha kuchunguza volkano, pamoja na wenzao wa Ubelgiji na Luxembourg, wamezitumia sana. Tatizo ni msitu. Wimbi la Sentinel-1 lina urefu wa karibu sentimita 5.6, likifika Virunga linagonga majani na kutawanyika, na majani hayakai mahali pamoja. Rada ya Marekani iliyo ndani ya NISAR inatumia wimbi la sentimita 24 hivi, ambalo linapenya majani mpaka kwenye udongo. Kwa milima iliyovaa msitu kama yetu, hiyo ni tofauti kubwa.

Tena ilichelewa wakati mbaya. Desemba 2021 mojawapo ya Sentinel-1 mbili, ile ya B, ilipata hitilafu ya umeme na haikupona. Iliyotengwa kuchukua nafasi yake ilipangiwa roketi ya Vega-C, na Vega-C ikashindwa angani Desemba 2022, ikakaa chini karibu miaka miwili. Sentinel-1C ilipaa tarehe 5 Desemba 2024. Kwa hiyo kipindi kile kile tulichokuwa tunaisubiri NISAR, Ulaya nayo ilikuwa imebaki na jicho moja.

Lazima niseme pia kile ambacho ucheleweshaji huu haukusababisha. NISAR isingetuonya mwaka 2021, kwa sababu hata kwa ratiba yake ya awali ilikuwa bado chini. Na watafiti waliochambua mlipuko ule waligundua kwamba mlima ulipasuka karibu bila dalili yoyote ya mapema, magma ikiwa imeshakaribia uso. Picha za rada zilisaidia siku zilizofuata, magma ilipokuwa ikisogea chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu na matetemeko yakipasua barabara, hadi mapema tarehe 27 Mei liwali wa kijeshi, Constant Ndima, akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Watu wakaelekea Sake, Gisenyi, wengine kwa boti hadi Bukavu. Hasara ya miaka mitatu ni ya namna nyingine: tabia ya mlima hujifunzwa kwa kuupima muda mrefu ukiwa umetulia, na mwezi ambao haukupimwa hauwezi kupimwa baadaye.

Tarehe inapogeuka kuwa ahadi

Sasa swali. Miaka mitatu hiyo, kuna mtu aliyeulizwa?

Aliulizwa, kwa sababu sheria ilikwisha kupanga aulizwe. Mradi wa NASA huanza kama wazo, na katika miaka ya mwanzo hakuna tarehe inayomfunga yeyote. Tarehe zinazotajwa kwenye mikutano wakati huo ni matarajio, na magazeti hukosea yanapoziita ahadi. Kisha kinafika kikao kimoja cha uamuzi, wakuu wa shirika wanaupekua mradi, wakiridhika wanauthibitisha. Kuanzia siku hiyo kuna namba mbili zilizoandikwa, gharama na tarehe, na Bunge la Marekani linazo.

Namba hizo hazitolewi kwa kukisia. Tangu 2009 kanuni za NASA zinataka ziwe na uwezekano wa asilimia 70: ukichukua miradi 10 ya aina moja, 7 imalizike ndani ya pesa na muda ulioandikwa. Maana yake ni kwamba mitatu inatarajiwa kupitiliza, na jambo hilo linajulikana tangu siku ya kwanza. Mbunge anayeshangaa kwamba mradi umechelewa hajasoma karatasi aliyoletewa. Anayepaswa kushangaa ni yule anayeona miradi mitano au sita kati ya kumi imepitiliza.

Halafu kuna sheria ya mwaka 2005. Inahusu miradi ambayo gharama yake yote inazidi dola milioni 250. Mradi ukionekana utapita gharama ya utengenezaji kwa asilimia 15, au utachelewa miezi 6 au zaidi, mkuu wa NASA analazimika kuziandikia kamati mbili za Bunge, ile ya sayansi katika Baraza la Wawakilishi na ile ya biashara katika Seneti. Anaeleza sababu, gharama mpya, tarehe mpya, na njia nyingine zilizokuwepo. Gharama ikipita kwa asilimia 30, pesa zinakatika baada ya miezi 18, isipokuwa Bunge lenyewe lipige kura upya kuuruhusu mradi uendelee.

Ninachokithamini katika mpangilio huu ni kwamba hausubiri mbunge mdadisi. Mbunge anaweza kuwa amelala, anaweza kuwa hajui rada ni nini. Barua itakuja tu. Mzigo wa kusema uko kwa anayechelewa, na anatakiwa kusema mara anapojua, kabla tarehe yenyewe haijapita.

NISAR ilipita njia hiyo. Janga la COVID-19 lilivuruga kazi na tarehe ikasogezwa. Kisha, mapema mwaka 2024, satelaiti ikiwa tayari India, vipimo vilionyesha kwamba sahani yake ya antena, yenye upana wa mita 12, ingeweza kupata joto kupita kiasi angani wakati bado imekunjwa. Ikarudishwa California, ikapakwa tabaka la kurudisha mwanga wa jua, na kufika India tena Oktoba 2024. Mimi sioni aibu katika ucheleweshaji huo wa pili. Sahani ile haina fundi wa kuifikia ikiwa kilomita 747 juu, na mwaka mmoja wa kusubiri ulikuwa afadhali kuliko satelaiti iliyokufa.

Kuna macho mengine mawili. GAO ni ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge lenyewe. Tangu 2009 inatoa kila mwaka ripoti ya miradi mikubwa ya NASA, mmoja mmoja. Mkaguzi mkuu yumo ndani ya NASA lakini anaripoti pia Bungeni. Ripoti zao ziko wazi, na mwanafunzi wa Goma mwenye simu anaweza kuzisoma. Hata hivyo manunuzi ya NASA yamo kwenye orodha ya GAO ya mambo yenye hatari kubwa tangu 1990. Zaidi ya miaka 30 ya kuandikwa haijayatoa humo. Barua na ripoti zinaonyesha ugonjwa. Kuutibu ni kazi nyingine, na hapo wabunge wenyewe wanaingia kwenye picha.

Agizo la mwaka 2010

Kisa kinachoonyesha hili vizuri kuliko vyote ni cha roketi ya SLS.

Oktoba 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria iliyoiagiza NASA ijenge roketi kubwa ya kupeleka watu mbali na dunia. Sheria yenyewe ilitaja mzigo ambao roketi ingebeba. Ikaagiza mikataba na vipuri vya mradi wa Shuttle, vyombo vilivyokuwa vikibeba watu angani, na wa Constellation, mradi wa roketi uliotangulia, vitumiwe kadiri iwezekanavyo. Ikaweka lengo: iwe tayari kufikia tarehe 31 Desemba 2016. NASA ikapewa siku 90 kuleta mpango.

Januari 2011 ikaleta ripoti ya awali, na ndani yake ikasema waziwazi kwamba kati ya miundo iliyochunguzwa hakuna hata mmoja unaoweza kukamilika kwa pesa na muda uliotajwa. Maseneta walioiandika sheria walikasirika. Jibu lao lilikuwa kwamba hiyo ni sheria ya nchi, shirika halina hiari ya kuitekeleza au kuiacha. Miezi ikapita, mpango kamili haukufika, na kamati ya Seneti ikaanza kudai hati kwa nguvu ya sheria. Muundo wa roketi ulitangazwa tarehe 14 Septemba 2011.

Ukiishia hapo utaona shirika kaidi na Bunge linalotimiza wajibu wake. Lakini tazama upande wa pili wa meza. Bajeti ya mwaka 2010 ilikuwa na kifungu kinachoikataza NASA kuvunja mikataba ya Constellation, mradi uleule ambao serikali ilikuwa inaufunga. Mwaka mpya wa fedha ukaanza tarehe 1 Oktoba bila Bunge kupitisha bajeti mpya. Badala yake likawa linarefusha ile ya zamani miezi michache kwa miezi michache, pamoja na kifungu chake. Januari 2011 mkaguzi mkuu wa NASA, Paul Martin, aliandika kuonya kwamba kufikia mwisho wa Februari hadi dola milioni 215 zingeweza kutumika kwa kazi ambazo shirika lisingezilipia kama lingekuwa na uhuru. Kwa mkono mmoja wabunge walidai roketi mpya kwa haraka, na kwa mkono wa pili waliishikilia pesa yake kwenye roketi ya zamani.

Yeyote aliyejenga nyumba Goma kwa pesa ya kudunduliza anaelewa hesabu hii. Fundi ukimwita mwezi huu kwa mifuko kumi ya saruji na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu, nyumba haichelewi tu, inakuwa ghali zaidi: mlinzi wa kiwanja analipwa kila mwezi, mbao zinaoza, bei ya mabati inapanda. Kwenye mradi wa anga mlinzi huyo ni maelfu ya wahandisi ambao hawawezi kufukuzwa na kuajiriwa upya kila bajeti inapokwama.

Roketi ile ilikuja kuwa na tarehe tatu. Ya sheria ilikuwa mwisho wa 2016. Ya ahadi rasmi ya NASA, iliyotolewa Agosti 2014 kwa ule uwezekano wa asilimia 70, ilikuwa Novemba 2018. Ya kweli ilikuwa tarehe 16 Novemba 2022, siku ambayo Artemis I, safari ya kwanza ya roketi hiyo, ilipaa bila watu. Ukipima kutoka kwenye sheria, ni karibu miaka sita. Ukipima kutoka kwenye ahadi ya shirika, ni minne. Anayetetea mradi atachagua tarehe ya pili, anayeupinga atachagua ya kwanza, na wote wawili watakuwa na karatasi mkononi. Ndiyo maana unaposoma kwamba mradi fulani wa serikali umechelewa, cha kuuliza kwanza ni umechelewa kutoka tarehe ipi, na nani aliiweka.

Kuna mwanya mwingine ndani ya kisa hicho. Ahadi ya 2014 ilihusu safari ya kwanza peke yake. Gharama za safari zilizofuata hazikuwa na namba ya kupimiwa, na GAO ililalamika juu ya hilo mapema. Machi 2022 Paul Martin aliwaambia wabunge kwamba kila moja ya safari nne za mwanzo za Artemis ingegharimu dola bilioni 4.1. Mbunge wa Marekani, mwenye sheria zote hizo mkononi, alihitaji mkaguzi ili aipate namba hiyo.

Darubini ya James Webb ndiyo mfano ambao watu wengi wanaujua, kwa hiyo nitaupitia haraka. Mwaka 2010 Seneta Barbara Mikulski alidai uchunguzi huru. Wachunguzi wakakuta kwamba mafundi walifanya kazi nzuri, bajeti ndiyo ilipangwa vibaya tangu mwanzo. Mwaka 2011 kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi ilipendekeza mradi ufutwe. Haukufutwa, Bunge likauwekea dari ya dola bilioni 8. Mwaka 2018 dari ikapasuka, mkuu wa kampuni iliyoijenga akaitwa kujieleza, na wabunge wakalazimika kuipandisha kwa kura. Darubini ilipaa tarehe 25 Desemba 2021 na inafanya kazi vizuri sana. Mafanikio yake hayafuti yale maswali, na maswali yale hayakuiua.

Upande wetu

Congo nayo imewahi kuwa na roketi zake, tena za kukodisha. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilipewa na Mobutu haki ya kutumia eneo la karibu kilomita za mraba 100,000 katika Shaba, jimbo la Katanga la zamani. Ilirusha roketi tatu, Mei 1977, Mei 1978 na Juni 1978. Ile ya tatu ilishindwa mbele ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979 mkataba ukaisha. Wakati ule MPR ilikuwa chama pekee, na hapakuwa na kamati ya Bunge yenye uwezo wa kumwita mkubwa aeleze eneo lote hilo limetolewa kwa bei gani na kwa ratiba ipi.

Leo uwezo upo kwenye karatasi. Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2006 kinawapa wabunge swali la mdomo au la maandishi, mahojiano ya waziri, tume ya uchunguzi na kuitwa mbele ya kamati. Kifungu cha 173 kinataka hesabu kuu ya Jamhuri iletwe Bungeni kila mwaka pamoja na maoni ya Mahakama ya Hesabu. Vifaa vya kuuliza tunavyo. Tunachokosa ni ile tarehe iliyoandikwa mapema ambayo swali lingeishika.

Chukua OVG. Ufadhili uliopitia Benki ya Dunia ulipomalizika mwaka 2020, kituo kilikaa miezi kadhaa bila pesa ya intaneti ya kuunganisha mitambo yake ya mbali, na hali hiyo iliendelea hadi karibu na mlipuko wa Mei 2021. Mwisho wa ufadhili ulijulikana. Haukuwa tetemeko lililokuja usiku. Lakini hakuna sheria iliyomlazimu mtu kuandika, miezi sita kabla, kwamba pesa zitakatika tarehe fulani na mitambo fulani itanyamaza. Kama barua ya namna hiyo ingekuwa lazima, ingefika kwenye meza ya mbunge wa Goma kabla ya Krismasi ya 2020.

Na lava iliposhuka, kiti kimoja cha kuulizia kilikuwa kitupu. Utawala wa dharura wa kijeshi ulianza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, na pamoja nao Bunge la jimbo likasimamishwa. Siku 16 baadaye mlima ukapasuka. Maswali ya watu waliopoteza nyumba yalibaki kwa wabunge wa taifa, walioko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa.

Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa kundi la wapiganaji la AFC/M23, na mambo yamezidi kuwa magumu. Picha za NISAR hazipiti kwenye kizuizi chochote: zinatolewa bure kwa dunia nzima, na anayejua kuzisoma anaweza kuzipakua akiwa Goma, Bukavu au Tervuren kule Ubelgiji. Vipima-tetemeko vilivyo mlimani vinahitaji betri, mlinzi, na mtu wa kupanda navyo. OVG bado ni taasisi ya Jamhuri kwa sheria, na wabunge wa taifa waliochaguliwa Goma Desemba 2023 wana haki ya kuuliza habari zake.

Kikao cha bajeti kinafunguliwa tarehe 15 Septemba na kufungwa tarehe 15 Desemba. Swali la maandishi kwa waziri wa utafiti wa kisayansi halihitaji ukurasa mzima. Ni vituo vingapi vya matetemeko kuzunguka Nyiragongo na volkano jirani ya Nyamulagira vinatuma data leo? Pesa za intaneti na mishahara ya OVG kwa mwaka ujao zimeandikwa kwenye mstari upi, na zitatoka mwezi gani? Kuna ufadhili gani wa nje unaomalizika, na tarehe ipi? Nani amefundishwa kuzisoma picha za NISAR, na kama hayupo, atakuwepo lini? Waziri akijibu, tarehe zake zitakuwa zimeandikwa, na mwaka utakaofuata mbunge yeyote, hata asiyemjua mwenzake aliyeuliza, ataweza kuzifungua na kuanzia hapo.